Moyo wa Mbuzi Mezani

Mwanafunzi aliyeiva katika kazi hii haendi mbio kushika kisu. Moyo wa mbuzi uko kwenye sinia mbele yake, umeoshwa, bado una mafuta meupe pembeni, na yeye kwanza anaufumbata kiganjani na kuubinyabinya. Upande mmoja unalegea, mwingine unakataa. Huo unaokataa ndio wa kushoto, na ncha ya chini ni yake. Anatafuta mfereji wa mafuta unaokatiza mshazari usoni mwa moyo, na mshipa mnene unaochomoza mbele kuelekea mapafuni. Akishaviona viwili hivyo anajua ameushika kama mtu aliyetazamana na mwenye moyo: mkono wake wa kulia uko upande wa kushoto wa mnyama. Ndipo anafungua daftari, na bado hajakata. Anaandika anachotarajia kukikuta ndani: ukuta upi utakuwa mnene, mnene kiasi gani kuliko mwenzake, na kwa nini.

Hicho kisehemu cha mwisho, "na kwa nini", kikiandikwa kabla ya kisu, ndicho kinachonivutia kuliko vyote katika maabara za anatomia na fiziolojia. Nimekaa pembeni mwa meza hizo katika vyuo wanakopita wauguzi na matabibu wa kesho, na nimeona kwamba watu wawili wanaweza kupasua moyo wa aina moja, kwa mkasi wa aina moja, wakiwa wanafanya kazi mbili tofauti kabisa. Mmoja anatafuta picha ya kitabuni, akiipata anafunga. Mwingine ameshajifunga kwa maandishi yake mwenyewe, na anaupa ule moyo nafasi ya kumkanusha. Huyu wa pili ndiye mwenye ufundi. Hakuzaliwa nao, na hakuna aliyempa kwa somo la saa mbili. Aliujenga mwenyewe, jaribio kwa jaribio, na ukimtazama kwa subira unaona ulivyojengwa.

Kazi yake huanzia machinjioni. Moyo unaouzwa buchani umekwisha kukatwa mishipa ya juu ili ukae vizuri kwenye mizani, na kwa mlaji hilo halina neno. Wa ng'ombe mara nyingi una pia michanjo ya mkaguzi wa nyama, maana moyo ni mojawapo ya mahali anapotafuta mabuu ya tegu. Kwa anayetaka kujua damu ilivyopita, moyo wa namna hiyo ni barua iliyochanwa kichwa. Kwa hiyo anakwenda alfajiri, anamwamkia mchinjaji na kumwomba, "Kaka, nitolee moyo na mapafu yake pamoja, usivitenganishe, na mishipa ya juu uiache mirefu." Mchinjaji akishaelewa shida yake, mara nyingi humwonyesha mengine ambayo hakuyauliza, kwa ncha ya kisu na bila kutaja jina hata moja: mkunjo wa ngozi laini unaoufunika moyo, mahali unaposhikamana na mfupa wa kidari, njia ya chakula inavyopita nyuma ya njia ya pumzi. Watu hawa wana anatomia nyingi mikononi. Mwanafunzi mwerevu husimama hapo na kusikiliza.

Mezani, majaribio ya maji lazima yatangulie makato, kwa sababu moyo ukishapasuliwa hauwezi tena kuonyesha unavyofunga milango yake. Anayaosha na kuyatoa mabonge ya damu. Kisha anaishika aota, mshipa mkubwa unaotoa damu kwenda mwilini, anaisimamisha wima kwa vidole viwili na kumimina maji kutoka juu. Ikiwa vali ni nzima, maji yanasimama. Akichungulia anaona vifuko vitatu vyembamba vimejaa na kukutana katikati, mshono wa miguu mitatu, bila msuli wala kamba yoyote ya kuvivuta. Maji yenyewe ndiyo yameufunga mlango. Sentensi hiyo huenda ameisoma mara nyingi, lakini hapa yuko peke yake na kikombe cha maji, na hakuna anayemwambia aamini.

Akiendelea kuchungulia, juu kidogo ya vifuko hivyo ataona matundu mawili madogo. Ndiyo midomo ya ateri zinazoulisha moyo wenyewe. Hapa mwanafunzi wa kweli hukwama, na kukwama kwake kuna faida. Kama mahali hapa pana msukumo mkubwa moyo unapojikaza, si ndipo nyama ya moyo ingepata damu yake? Anarudi kuubinya ukuta mnene wa kushoto na jibu linaanza kumjia kiganjani: nyama inapojikaza inaibana mishipa iliyopita ndani yake. Damu nyingi ya upande wa kushoto basi hupita moyo unapopumzika. Kutoka hapo anafika mwenyewe kwenye jambo ambalo daktari wa wodini hulihofia: moyo ukienda mbio mno, kinachofupishwa zaidi ni ule muda wa kupumzika, yaani muda wake wa kula. Ametoka kwenye tundu dogo hadi kitandani kwa mgonjwa bila mtu kumvuta mkono.

Leonardo da Vinci aliwahi kusimama mahali hapa hapa. Mnamo 1513 hivi alipasua mioyo ya ng'ombe, na katika maandishi yake akaeleza jinsi ya kutengeneza mfano wa mzizi wa aota kwa kioo, kuujaza maji na kutia mbegu za nyasi ili mizunguko ya maji ionekane nyuma ya vifuko vya vali. Alitaka kujua kama mizunguko hiyo husaidia vali kufunga. Hakuwa na mwalimu wa kumuuliza. Alikuwa na moyo wa ng'ombe, maji, na hamu isiyotulia. Maandishi hayo hayakuchapishwa alipokuwa hai, na waliokuja baadaye walilazimika kuanza upya.

Sasa mkasi. Anaanza juu kulia, anafungua chumba cha juu na kuteremka hadi cha chini, akifuata njia ya damu. Anakutana na vali yenye pazia nyembamba zilizofungwa kwa nyuzi nyeupe, na kila uzi unashuka hadi kwenye kinyama kilichosimama kutoka ukutani. Anavuta uzi mmoja kwa kibano: pazia inafuata. Halafu anakuta utepe wa nyama uliovuka chumba kutoka ukuta wa katikati hadi ukuta wa nje, kama kamba ya kuanikia nguo. Wengi huukata ili waone vizuri. Yeye anauacha na kuuandika kwa alama ya kuuliza. Siku mbili tatu baadaye atajua kwamba ndani yake hupita sehemu ya waya za asili zinazobeba amri ya kujikaza, na kwamba kwa utepe huo ukuta wa mbali hupata habari mapema. Atajua hivyo kwa sababu aliuacha mzima.

Anafungua kushoto na kupima kuta zote mbili kwa rula. Wa kushoto ni mnene karibu mara tatu. Daftari lilisema "mara mbili, kwa kuwa unasukuma mbali zaidi." Anakata "mbili" kwa mstari mmoja, si kwa kufuta, na anaisumbukia ile sababu yake. Umbali peke yake hautoshi kueleza. Lazima atafute shinikizo: katika mtu mzima aliyepumzika, upande wa kulia husukuma damu mapafuni kwa kilele cha takriban milimita 25 za zebaki, na wa kushoto hufika 120 hivi. Sababu aliyoiandika mwanzo ilikuwa nusu ya ukweli, na nusu hiyo isingejulikana kuwa nusu kama isingeandikwa.

Kisha kuna ukuta wa katikati. Anachukua kijiti chembamba na kutafuta tundu kati ya kulia na kushoto katika vyumba vya chini. Anajaribu kila shimo, kila mkunjo, na kila mahali kijiti kinagota. Jaribio hili dogo lina historia ndefu. Galen, tabibu wa zama za Warumi, alifundisha kwamba damu hupenya ukuta huo kwa vitundu visivyoonekana, na kwa karne nyingi waliomfuata walikubali. Katika karne ya 13 Ibn al-Nafis, mwana wa Damascus aliyefanya kazi Cairo, aliandika sharhi ya kitabu cha Ibn Sina na kusema wazi kwamba ukuta ni mzito, hauna vitundu, na damu haina budi kupitia mapafuni ili ifike kushoto. Mwanafunzi anayegotesha kijiti leo anaweza kusikia hoja hiyo katika vidole vyake kabla hajaisoma mahali popote.

Juu kwenye mishipa mikubwa ndipo panapotokea jambo ninalolipenda zaidi. Kitabu chake ni cha mwili wa binadamu, na kinasema tao la aota kwa kawaida hutoa matawi matatu. Anahesabu: moja. Anageuza moyo. Bado moja.

"Mwalimu, huyu mbuzi ana tawi moja tu."

"Mwambie mwenzako wa meza ile naye ahesabu wa kwake."

Naye ana moja. Meza ya tatu, moja. Sasa si kilema cha mbuzi mmoja, na si mkono uliokata vibaya. Kwa wanyama hawa shina moja ndilo linalotoka kuelekea mbele, halafu linagawanyika lenyewe kwenda kichwani na miguu ya mbele. Mwanafunzi ameikuta tofauti kati ya mnyama na mtu, na ameikuta kwa njia ambayo iliubadilisha ulimwengu wa tiba. Galen alipasua nyani na wanyama wengine na kuyapeleka aliyoyaona kwa binadamu. Andreas Vesalius, profesa kijana wa Padua, alikuta desturi ambayo mwalimu huketi juu kitini akisoma kitabu huku mwingine akikata chini. Yeye aliteremka na kukata kwa mikono yake. Kitabu chake kikubwa cha 1543, alichokitoa akiwa na umri wa miaka 28, kilionyesha makosa mengi ya namna hiyo, likiwemo lile la taya la chini la mtu kuhesabiwa mifupa miwili ilhali ni mmoja. Mwanafunzi mwenye shina moja mkononi hahitaji kuelezwa sana Vesalius alijisikiaje.

Tazama alivyofanya mwalimu hapo. Angeweza kujibu kwa neno moja, na muda ulikuwa mfupi, na alijua. Kujizuia huko ni ufundi nao, na pengine ni mgumu kuliko wa mwanafunzi. Mwalimu mzuri wa maabara hii hasemi kila anachokijua, lakini macho yake hayatoki mezani. Anaona kidole kilichokaa mbele ya kisu na hapo hangoji mtu agundue mwenyewe: anapaza sauti. Anajua ni nani amekwama pahali penye faida na nani amekwama kwa kukata tamaa, na huyu wa pili humpa kidokezo. Chuo Kikuu cha McMaster huko Hamilton, Kanada, kilipopokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari mwaka 1969, kiliyafanya matatizo ya wagonjwa kuwa mlango wa masomo, wanafunzi wakikaa vikundi vidogo na kujitafutia wanachohitaji kujua. Kwetu, shule ya tiba ya Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, ilijengwa juu ya njia hiyo. Haikuwa njia ya kupunguza walimu. Kila kikundi kilihitaji mtu mzima, makini, wa kukaa nacho na kunyamaza kwa akili.

Nasema hivi kwa uchungu, kwa kuwa nimeona pia maabara iliyofungwa kwa kufuli, mifano ya plastiki ikiwa ndani ya kabati la kioo, na wanafunzi wakiambiwa wajisomee. Huko ni kutelekezwa. Mtu hawezi kujiongoza kwenye chumba asichoruhusiwa kuingia. Anayetaka wanafunzi wajitegemee awape ufunguo, mifupa ya kushika, mwanga, na mtu wa kuwasahihisha.

Mifupa hasa. Mtu mzima ana mifupa 206, na kuitaja kwa mpangilio wa wimbo si kazi kubwa. Kazi ni kuijua. Nimewaona wanafunzi wakifanya hivi: wanafunga mifupa kadhaa ndani ya khanga, mmoja anaingiza mkono bila kutazama, anatoa habari kabla hajautoa mfupa. "Pingili ya shingo." Umejuaje? "Ina matundu pembeni." Wa pili: "Ya mgongo wa juu, nimegusa pa kukaa ubavu." Wa tatu ni mfupa wa paja, na huo haukubaliwi mpaka aseme ni wa kulia au wa kushoto: kichwa cha mviringo kinatazama ndani, ukingo wenye makwaruzo uko nyuma, basi ni wa kulia. Anautoa na kuuweka kwenye paja lake mwenyewe. Vidole vilivyozoeshwa hivyo ndivyo vitakavyokuja kutafuta mahali pa sindano juu ya nyonga ya mtu mnene, au ufa katika kifundo cha mtoto anayelia.

Wakimaliza, daftari hufungwa na kila mmoja huchora alichokigusa kutoka kichwani, kisha hufungua na kusahihisha kwa kalamu nyekundu. Ni kazi ya kuchosha na wengi wangependa kusoma tena ukurasa ule ule wenye rangi nzuri. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, walilipima jambo hili kwa wanafunzi waliosoma vifungu vya maandishi. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojijaribu kukumbuka bila kitabu ndio waliobaki na mengi. Yule mwenye kalamu nyekundu anajisikia mjinga kila jioni, na huo ndio mzigo ambao ufundi huu unamdai. Namheshimu kwa kuubeba.

Fiziolojia ina neema yake: kifaa umezaliwa nacho. Mwanafunzi anafunga kitambaa juu ya kiwiko, si kwa nguvu sana, na vena za mkono zinavimba, zikiwa na vinundu hapa na pale. Anaweka kidole chini ya kinundu, na kwa kidole kingine anaisukuma damu kwenda juu mpaka ikivuke. Kipande kati ya kidole na kinundu kinabaki kitupu. Akijaribu kuirudisha damu chini, inagoma. Anainua kidole cha chini, na kipande kinajaa mara moja kutoka upande wa kiganja. Vinundu ni milango ya kwenda upande mmoja. William Harvey aliyaonyesha haya katika kitabu chake cha 1628, na jaribio la mchoro wake wa mkono uliofungwa linafanyika hivi hivi leo, bure, kwenye kiti cha mbao.

Harvey aliongeza hesabu, na mwanafunzi naye aifanye bila kuonyeshwa jawabu. Pigo moja hutoa mililita 70 hivi. Mapigo 70 kwa dakika: 4,900, karibu lita 5. Kwa saa moja ni lita 294. Mwili mzima una damu lita 5 hivi. Chakula gani kingetengeneza lita 294 za damu mpya kila saa? Harvey alitumia makadirio madogo kuliko haya na bado yalitosha kumlazimisha kukubali kwamba damu ni ile ile, inazunguka. Nimeona sura ya mtu anapofika mwisho wa hesabu hiyo kwa penseli yake mwenyewe, na ningependa kila aliyewahi kukaririshwa mzunguko wa damu apewe nafasi ya kufika hapo.

Wengine huchukua bikari ya hesabu, wakagusisha ncha zake mbili kwa upole kwenye ngozi ya mwenzao aliyefumba macho na kuuliza: moja au mbili? Kwenye ncha ya kidole milimita 2 au 3 zinatosha kuzitenganisha. Mgongoni huenda zikahitajika 40. Lililo zuri ni wanapogundua kwamba mgusishaji asiyeweka mara nyingine ncha moja tu hapimi ngozi, anapima heshima ya rafiki yake. Kanuni hiyo ya utafiti wanaitunga wenyewe, pale mezani.

Kipimo ninachokitumia kujua kama ufundi umekolea ni presha. Nikolai Korotkov aliripoti mwaka 1905, huko St. Petersburg, kwamba ukisikiliza ateri chini ya mkanda unaolegezwa taratibu, sauti hutokea na baadaye hutoweka, na kwamba sehemu hizo mbili ndizo namba mbili unazozitafuta. Kusikia kunahitaji mazoezi. Mwanzoni masikio hujaa mkwaruzo wa nguo na mapigo ya mtu mwenyewe. Kishawishi cha kuandika 120 kwa 80 ni kikubwa, kwa kuwa ndiyo namba aliyoizoea na hakuna atakayebisha. Mashine ya mkono yenye mshale ina mistari ya milimita mbili mbili, kwa hiyo 117 ikitokea daftarini mwalimu mzoefu anajua haikusomwa kwenye mshale. Mwanafunzi aliyeiva anaandika 104 kwa 66, na pembeni: "sauti ya mwisho sina uhakika nayo, mkono wake ulikuwa umening'inia." Anamwambia mwenzake auweke mkono mezani, usawa wa moyo. Wanangoja dakika tano bila kuongea. Halafu anajaza mkanda upepo upya.